Mieleka: Tembo wasipopigana, nyasi huumia

WIKI ile John Cena alipoaga ulingo, Desemba 2025, nilikuwa Mugina nasubiri gari la kwenda Makamba. Pembeni ya mizani ya dagaa kulikuwa na simu moja na vichwa vinane juu yake. Wachuuzi walikuwa wakiangalia jinsi Cena, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia mara 17, alivyokabwa na Gunther, Mwaustria, mjini Washington, mpaka akapiga mkono chini kukubali kushindwa. Mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 20 aliwafundisha watoto wa dunia nzima kutokata tamaa, siku yake ya mwisho alikata tamaa.

Kijiwe kikagawanyika. Vijana walisema mkongwe kadhalilishwa. Wengine wakajibu kuwa ndiyo desturi, anayeondoka humwachia jina anayebaki. Mzee mmoja wa mawese, aliyekuwa kimya muda wote, akanigeukia: "Mwalimu, waambie hawa watoto. Haya yote ni maigizo, yamepangwa."

Gari lilifika, sikujibu. Leo najibu.

Mzee anasema kweli, lakini kweli yake ni ya zamani. Mwaka 1989 kampuni ya mieleka ya Marekani, wakati huo ikiitwa WWF na leo WWE, ilikiri yenyewe mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mchezo wake ni burudani na si mashindano. Haikukiri kwa kupenda ukweli. Ilitaka kuondolewa usimamizi na tozo ambazo serikali huweka kwenye michezo ya ngumi. Kwa hiyo suala la kama mieleka ni kweli au uongo lilifungwa kabla baadhi ya wasomaji wangu hawajazaliwa. Kilichobaki kuwa kweli ni mwili. Owen Hart alipodondoka kutoka darini Kansas City, Mei 1999, akiwa anateremshwa kwa kamba kuingia ulingoni, alikufa kikweli.

Sisi wafanyabiashara wa mpakani, na sisi tuliokulia ugenini, tunapaswa kuuliza swali jingine kabisa: soko hili ni la nani?

Nirudi nyuma kidogo. Nilisoma kambini, wilayani Kasulu, kuanzia tulipokimbia mwaka 1993. Kulikuwa na kibanda cha video chenye jenereta moja na mkalimani mmoja aliyetafsiri kila kanda kwa Kiswahili, awe anakijua Kiingereza chake au hakijui. Katika kanda hizo alikuwapo Kamala, jitu lenye tumbo lililochorwa nyota na mwezi, akitembea peku na mkuki mkononi. Mkalimani alitutangazia: "Huyu ni jirani yetu, Mganda, alikuwa mlinzi wa Idi Amin!" Tulishangilia. Watoto wa kambini hawakuwa na mengi ya kujivunia, na huyu alikuwa wa upande wetu. Wakati huohuo kitu kilinichoma, maana huyo jirani yetu hakupewa hata neno moja la kusema. Alinguruma tu.

Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba Kamala aliitwa James Harris, Mmarekani mweusi wa Mississippi, dereva wa malori aliyetafuta riziki. Uganda ilikuwa vazi alilovalishwa na wenye biashara wakati jina la Amin lilikuwa linauza magazeti. Harris alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya kisukari. Mwaka 2016 aliungana na wenzake wa zamani kuishtaki kampuni kwa madhara ya vichwa vyao. Mahakama ikaitupa kesi hiyo mwaka 2018. Alifariki Agosti 2020, wakati wa korona.

Namtaja Harris kwa sababu habari yake ndiyo habari ya biashara nzima. Mwanamieleka anauza mwili na jina, na mara nyingi hata jina si lake. Katika WWE, wapiganaji hawahesabiwi kuwa waajiriwa. Wanaitwa wakandarasi wa kujitegemea, ingawa hawaruhusiwi kwenda kupigana kwa mwingine bila idhini. Kampuni hulipia matibabu ya jeraha la ulingoni, lakini bima ya afya kwa maisha ya kawaida ni juu yao. Chama cha wafanyakazi hakipo. Mwaka 1986 Jesse Ventura alijaribu kuwashawishi wenzake waanzishe. Habari zikamfikia mwenye kampuni, Vince McMahon, na miaka kadhaa baadaye McMahon alieleza katika kesi kwamba aliyempelekea habari hizo ni Hulk Hogan, nyota aliyekuwa akilipwa kuliko wote. Hogan alipofariki Julai 2025, mashabiki wengi walimlilia shujaa wao, na wengine walikumbuka hilo.

Sasa tuangalie hali ilivyo leo duniani.

Kuanzia 1995 hadi 2001 Marekani ilikuwa na makampuni mawili makubwa, WWF na WCW, yaliyogombea watazamaji kila Jumatatu usiku. Wapiganaji walivuka kutoka huku kwenda kule kama mzigo wa mahindi unaofuata bei. Machi 2001 WWF ikainunua WCW, na kwa miaka 18 iliyofuata hapakuwa na mpinzani wa uzito wake. Mwaka 2019 ndipo ilipoanzishwa AEW ya Tony Khan, na mwaka 2023 ikaujaza uwanja wa Wembley, London, kwa watazamaji waliotangazwa kuwa zaidi ya 81,000. Mlango wa pili ukawa umefunguka.

Mfano mzuri ni Cody Rhodes. Aliondoka WWE mwaka 2016 akiwa mtu wa kati tu. Akazunguka ugenini, akashiriki kuianzisha AEW, akarejea WWE mwaka 2022, na Aprili 2024 akavikwa ubingwa ambao baba yake, Dusty Rhodes, hakuwahi kuupata huko. Wasomaji wangu waliorejea nyumbani wataelewa jambo hili kuliko mchambuzi yeyote wa New York. Aliyetoka na kurudi harudi na bei ileile, ilimradi huko alikokwenda palikuwa na mtu wa kumnunua.

Hapo ndipo wasiwasi wangu unapoanzia. Wahenga walisema wapiganapo tembo nyasi huumia. Katika mieleka methali inageuka kichwa chini: tembo wanapopigana ndipo nyasi zinapopata mvua, na wanapoacha kupigana ndipo zinapokauka.

Septemba 2023 WWE iliunganishwa na UFC, kampuni ya mapigano ya ngumi na mateke, chini ya mwavuli mmoja uitwao TKO. McMahon mwenyewe alijiuzulu Januari 2024 baada ya aliyekuwa mfanyakazi wake kumfungulia kesi ya unyanyasaji wa kingono, madai ambayo ameyakana. Lakini kuondoka kwa mtu hakukupunguza nguvu ya kampuni. Mwezi huohuo ulitangazwa mkataba na Netflix wa miaka 10, wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 5, na kipindi cha Raw kikahamia huko Januari 2025. Agosti mwaka huo ukatangazwa mwingine na ESPN kwa matukio makubwa, wa dola zipatazo bilioni 1.6 kwa miaka mitano. Aprili 2025 WWE ikatangaza kuinunua AAA, moja ya makampuni mawili makubwa ya mieleka ya Mexico. Ya pili, CMLL, iliyopo tangu 1933, ikabaki ikishirikiana na AEW na Wajapani.

Japani nako hali si shwari. New Japan, iliyoanzishwa na Antonio Inoki mwaka 1972, iliwapoteza Kazuchika Okada na Will Ospreay, wote wawili wakihamia AEW mwaka 2024. Wajapani wanalea, Marekani inavuna. Hata AEW haijakaa vizuri sana. Oktoba 2024 ilipata mkataba mpya wa televisheni na Warner Bros. Discovery, lakini mwishoni mwa 2025 Warner yenyewe ikagombewa na wanunuzi wakubwa, mmojawapo akiwa Netflix, huyohuyo anayeonyesha Raw. Mpinzani anapopanga chumba katika nyumba ambayo rafiki wa adui yake anataka kuinunua, hawezi kulala usingizi mzito.

Ongeza hapo fedha za Saudi Arabia. Tangu 2018 WWE ina mkataba wa miaka 10 na ufalme huo. Mara ya kwanza, Jeddah, wanawake hawakuruhusiwa kupigana; pambano lao la kwanza lilifanyika Riyadh Oktoba 2019. Septemba 2025 ikatangazwa kwamba WrestleMania ya 2027 itapelekwa Riyadh. Wapo mashabiki wanaosema fedha ni fedha, na wapo wanaouliza kwa nini sherehe kubwa ya mwaka iende kwa atoaye zaidi. Wote wawili wanajua kwamba hawakuulizwa.

Mtetezi wa WWE atasema: mbona mapato yamepanda, viwanja vimejaa, watoto wanafurahi? Ni kweli. Lakini mapato ya mwenye soko na mapato ya mwenye mzigo ni vitu viwili. Ushahidi uko ndani ya nyumba hiyohiyo. Wapiganaji wa UFC waliishtaki kampuni yao kwa madai kwamba ilihodhi soko ili kuwalipa kidogo. Ikakubali kuwalipa dola milioni 375 ili shauri liishe, na jaji akaidhinisha malipo hayo Februari 2025. Wanamieleka wa WWE wana mwajiri huyohuyo, ila hawana kesi ya namna hiyo wala chama cha kuwasemea.

Anayepeleka mzigo katika soko la ujirani mwema anajua ninachosema. Siku wanunuzi wakiwa wanne, unaweka gunia chini, unakunywa chai, unasubiri. Siku akiwa mmoja, yeye ndiye anayekunywa chai, na wewe unatazama jua linavyozama.

Je, eneo letu lina nafasi gani katika haya? Kubwa kuliko tunavyodhani. Oktoba 1974, Muhammad Ali alipompiga George Foreman mjini Kinshasa, umati uliimba kwa Kilingala "Ali, boma ye", yaani muue. Juni 1976 Ali akapambana na Inoki mjini Tokyo, wakatoka sare. Wimbo wa Ali uliotokana na kelele zile ukawa wimbo wa Inoki kuingilia ulingoni, na Wajapani wakaimba Kilingala kwa miongo kadhaa bila kujua ni Kilingala. Baadaye Shinsuke Nakamura akalipa pigo lake la goti jina la Boma Ye, na alipohamia WWE mwaka 2016 pigo hilo likaitwa Kinshasa. Sauti yetu imesafiri kutoka mto Kongo hadi Tokyo na hadi Marekani, na haikurudi na hata senti moja.

Wakati huohuo Kinshasa yenyewe haijaacha kechi yake, ile ya akina Edingwe, ambapo wapiganaji huandamana mitaani kwa muziki kabla ya pambano na uchawi huingia ulingoni pamoja na misuli. Ni mieleka iliyojitungia hadithi zake yenyewe. Na kule Mukono, nje kidogo ya Kampala, tangu mwaka 2023 vijana wanapigana katika ulingo wa tope uliozungushiwa mianzi na kamba. Mwanzilishi wake, Daniel Bumba, aliwahi kutafsiri mieleka ya Wamarekani kwa Kiganda kwenye televisheni. Video zao zimezunguka dunia nzima kupitia simu. Mkalimani wa kibanda amekuwa mwenye ulingo, jambo ambalo wa kwetu Kasulu hakuliota. Na Uganda ya Mukono haingurumi. Inazungumza kwa jina lake.

Muhula huu mwanafunzi wangu mmoja, mrefu, mwenye mabega, aliniuliza kama anaweza kuacha shule aende Mukono. Wazazi wake walirejea wakiwa mikono mitupu na shamba lao lina kesi. Sikumcheka. Nilimwambia amalize mwaka, kwa sababu mwili una miaka michache ya kuuzwa na akili ina mingi. Halafu nilimwandikia kwenye daftari lake maswali matatu ya kumuuliza mwenye ulingo yeyote, wa tope au wa dola: Nikivunjika, nani analipa? Video yangu ikitazamwa na watu milioni, fungu langu ni lipi? Nikitaka kuondoka, naondoka na jina langu?

Mzee wa mawese, jibu lako ndilo hilo. Ndiyo, wamepanga nani atashinda. Ila waliopanga nani atalipwa ndio wa kuwatazama, na hao huwaoni kwenye simu.