Tusiache Mbachao

Mwezi uliopita niliyakuta madirisha ya nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, yameliwa na mchwa. Kosa langu: nilitia mbao rahisi. Mwanangu akanishauri, "Baba, tutie alumini na vioo vya kusukuma. Ndiyo ya kisasa."

Nikamwuliza, "Kisasa cha nani?"

Huko Ulaya dirisha la vioo viwili ni hekima: hewa iliyonaswa baina yake huzuia joto la nyumba lisitoke. Lakini sisi adui wetu ni jua. Likishapenya kioo, joto limekwisha ingia; pazia la ndani haliwezi kulirudisha lote. Kinga hasa ni ya nje: mbao za mshazari, zikatazo jua na kupitisha upepo wa kusi na wa kaskazi. Tena dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu; la bawaba hufunguka lote. Nusu tuliyoikosa tutainunua kwa umeme.

Sipingi upya. Mwenye mashine ya kupoza hewa na azibe kila mwanya. Mlango wa nje uwe na upapi, na kizingiti kisipitishe mwanga. Na fremu ikitiwa katika ukuta wa matumbawe, fundi atumie chokaa, si saruji, maana chokaa huacha unyevu utoke.

"Na bei ya mvule, Baba?"

Yauma, mwanangu. Lakini mvule hauliwi upesi na mchwa, wala hauleti hesabu kila mwezi. Usiache mbachao kwa msala upitao.