Mwiba ndani ya batri: Kolwezi na Manono zinahusika namna gani?

Kobalti ya Kolwezi ilipata thamani kwa sehemu kubwa juu ya kitu kidogo ambacho macho hayaoni: mwiba wa litiamu unaoota ndani ya batri. Wanasayansi wanauita dendriti. Leo makampuni makubwa yanatafuta namna ya kuuzuia, na wakifaulu, hesabu ya madini ya Kongo inaweza kubadilika.

Batri iko na pande mbili, katikati kuna kizuizi chembamba. Wakati wa kusharji, litiamu inasafiri kwenda kutulia upande mmoja. Kama upande ule ni litiamu tupu, haijipangi sawasawa kama rangi ku ukuta. Inarundikana pahali pamoja, inatoa ncha, na ncha inavuta ingine zaidi. Siku mwiba unatoboa kizuizi, pande mbili zinagusana, batri inapata joto kali na inaweza kuwaka.

Mu mwaka 1989, kampuni Moli Energy ya Kanada ilirudisha batri zake za litiamu tupu kisha telefone kushika moto kule Japani. Mu 1991, Sony ikaleta sokoni batri ingine: upande mmoja kaboni, upande wa pili litiamu iliyochanganywa na kobalti. Ni hapo kobalti ilianza kutafutwa kwa batri za litiamu. Leo Kongo inatoa zaidi ya 70% ya kobalti yote inayochimbwa duniani.

Juu ya nini basi wanarudilia litiamu tupu? Sababu ni uzito. Gramu moja yake inabeba umeme karibu mara 10 kuliko grafiti ya batri za sasa. Motokari ingeenda mbali zaidi. Wengine wanatia dawa mu maji ya batri ili litiamu ijipange vizuri. Wengine wanaondoa maji yale na kuweka kitu kigumu kama kauri. Lakini hata kauri iko na nyufa, na mwiba unapita humo.

Mwiba ukishindwa, litiamu itaombwa zaidi, na Manono, mu Tanganyika, iko na akiba kubwa sana. Kobalti haitapotea siku ile, kwani inakaa upande wa pili wa batri. Adui yake ni mwingine: batri za chuma na fosfati, ambazo motokari nyingi za China zinatumia bila kobalti hata kidogo. Serikali ilisimamisha kutuma kobalti inje mu Februari 2025, kisha ikaweka viwango kuanzia Oktoba. Bei ilipanda, lakini bei kubwa inasukuma wanunuzi kutafuta njia ingine.

Sheria ya madini ya 2018 inaomba makampuni 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya jamii. Pesa ile inafuata bei, na bei inafuata maabara za mbali. Kwa raia wa Lualaba na Tanganyika, kazi ni kuuliza sasa: pesa ya leo inajenga nini, mbele batri haijabadilika?