Dawa ya Kifua, Tumbo Laharisha



Kliniki huwa tunaulizwa: "Sista, mtoto alipewa dawa ya kifua. Kikohozi kinapungua, lakini sasa anaharisha. Je, dawa imemkataa?" Mara nyingine jirani amekwisha kushauri dawa imwagwe. Tuelezane kwanza, kabla chupa haijamwagwa.

Ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wengi wasio na madhara. Husaidia kusaga mabaki ya chakula, tena kwa wingi wao huvinyima nafasi vijidudu vibaya. Antibiotiki kama amoksilini haichagui. Inapowaua bakteria wa nimonia mapafuni, huwaua pia baadhi ya hao wema tumboni. Ndipo choo hulainika. Kwa kawaida hali hiyo hutulia siku chache baada ya dozi kwisha.

Kwa hiyo mtoto anayecheza na kunyonya vizuri, akipata choo laini mara chache kwa siku, asikatishwe dozi. Nimonia huua watoto wadogo, na iliyotibiwa nusu yaweza kurudi.

Tufanye nini basi? Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kila anapoharisha mpe maji ya ORS kidogo kidogo: aliye chini ya miaka 2, mililita 50 hadi 100; wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Paketi nyingi ni za lita 1 ya maji safi, lakini soma kwanza yako. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage. Zahanati uliza pia vidonge vya zinki.

Usimpe dawa ya kufunga choo, wala vidonge vya rangi mbili vilivyobaki kabatini. Vingi vya hivyo navyo ni antibiotiki. Utaongeza kuni motoni.

Mrudishe upesi ukiona damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyodidimia, kutapika kila kitu, kulegea au kukataa kunyonya. Chukua na chupa ya dawa, mganga aione.

Tusiwasahau wazee, hasa waliotoka kulazwa. Bakteria waliopungua tumboni humwachia nafasi mdudu aitwaye Clostridioides difficile, naye huleta kuharisha kukali, pengine wiki kadhaa baada ya dawa kwisha. Huyo ahitaji hospitali. Anayemuuguza anawe mikono kwa maji na sabuni, maana mbegu za mdudu huyu hazifi kwa spiriti ya kupaka mikononi.

Na mtoto akiwa na mafua tu, tusimshurutishe muuza dawa atupe antibiotiki. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haiviui. Tutakuwa tumemharibia mtoto tumbo bure, na mafua yapo palepale.