Mshahara wa kwanza wa kijana wa kompyuta upigiwe hesabu

Mkulima wa Kiomboi akiuza alizeti hahesabu bei yote ya gunia kuwa faida. Huondoa kwanza gharama za mbegu, palizi, magunia na usafiri. Hesabu kama hiyo imfae pia mzazi ambaye mwanawe amehitimu uandishi wa programu za kompyuta na kuajiriwa Dar es Salaam.

Chukua mfano wa kijana aliyeahidiwa shilingi 700,000 kwa mwezi. Kama alisomeshwa kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inataka akatwe asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 105,000. Bado kodi ya mapato, mchango wa hifadhi ya jamii, pango na nauli ya daladala.

Familia inayosubiri fedha za pembejeo kutoka mshahara huo inamwonea kijana. Akibanwa mno atakimbilia kibarua chochote na kuacha fani iliyomgharimu miaka. Alizeti yenyewe haivunwi mwezi ule ule iliyopandwa. Wazazi wampe walau mwaka mmoja atulie na kukomaza ujuzi, ili aweze kudai malipo bora.