KONA YA DARASA: Reli ya Juu ya Port Bell

Mwezi huu wengi mmetuuliza kwa nini watoto wanarudi nyumbani wakiomba maboksi matupu na vipande vya mbao. Basi jibu ni hili: darasani tunajenga mji kwa yale matofali ya plastiki ya kuchezea tuliyopewa, yale ya Lego. Mji wenyewe ni Port Bell, bandari ya Kampala kwenye Ziwa Viktoria, na watoto wanataka kuipa reli inayopita juu, kwenye nguzo.

Kwa nini Port Bell? Kwa sababu reli yake ina jambo la ajabu kidogo: inaishia majini. Behewa halipakuliwi gatini, linaingizwa lenyewe ndani ya meli yenye reli sakafuni na kuvuka ziwa. Safari hizo zilisimama miaka mingi, kisha mwaka 2018 meli ya Tanzania, MV Umoja, ikaanza tena kuleta mabehewa kutoka Mwanza. Mpango wa Chakula Duniani, ambao sote tunaujua kwa magunia yake, ulikuwa kati ya walioitumia njia hiyo. Watoto waliposikia hivyo walinyamaza kabisa. Kumbe mahindi nayo husafiri kwa meli!

Na bandari ni ya zamani. Jina lake linatokana na Hesketh Bell, Mwingereza aliyetawala Uganda kuanzia 1906. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901 lakini Kampala haikufika hadi 1931, kwa hiyo katikati hapo mizigo ya Kampala ilipanda meli Kisumu na kushuka Port Bell.

Wazo la kuinua reli lilitoka kwa watoto wenyewe. Mzazi mmoja aliyewahi kukaa Namuwongo aliwasimulia jinsi Julai 2014 nyumba na vibanda vilivyokuwa kando ya reli Kampala vilivyobomolewa. Kesho yake mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, treni ikipita juu, si watu wanabaki chini?" Hapo ndipo kazi ilipoanza. Watoto wa kambini hawahitaji kuelezwa maana ya kuambiwa uhame.

Tuliwaonyesha kwamba jambo hilo lipo kweli. Addis Ababa ina treni ya mjini tangu 2015, na sehemu za njia yake zinapita juu ya barabara. Nairobi, reli mpya ya kwenda Naivasha, iliyofunguliwa 2019, inavuka mbuga ya wanyama kwa daraja la takriban kilomita 6, twiga wanapita chini. "Twiga wamejengewa daraja," alisema mmoja, na hatukuwa na la kuongeza.

Sasa hesabu. Tofali moja lina kimo cha milimita 9.6. Lori letu la kuchezea lina kimo cha matofali 8, kwa hiyo tukapanga reli iwe juu ya matofali 10, yaani sentimita 9.6. Hapo watoto wakagongana na ukweli: treni haipandi ukuta. Kipande kimoja cha reli kina sentimita 12.8. Ukiinua kibamba kimoja chembamba, theluthi ya tofali, kwa kila kipande cha reli, treni inapanda vizuri. Lakini matofali 10 ni vibamba 30, na vibamba 30 vinataka vipande 30 vya reli, karibu mita 4 za kupanda tu! Sisi tuna vipande 24, na meza zetu mbili zikiunganishwa hazifiki mita 3. Walijaribu kuinua tofali zima kwa kila kipande. Mabehewa yakarudi nyuma yenyewe mpaka chini ya dawati.

Msichana mmoja wa darasa la tano ndiye aliyetegua kitendawili. Alisema Kampala ni vilima na ziwa liko chini, basi tusiipandishe treni, tuiache ardhi ishuke. Tukapanga vitabu upande mmoja wa meza kuwa kilima. Reli inaanzia juu ya kilima, inakwenda sawasawa bila kupanda wala kushuka, nguzo ndizo zinazorefuka kadiri unavyokaribia ziwa. Rahisi hivyo.

Ila mwisho wake treni imening'inia juu ya maji, na meli iko chini. Kwa hiyo wakagawa: vipande 12 vya reli ya watu juu, vipande 12 vya reli ya mizigo chini kama ilivyo sasa, hadi kwenye daraja dogo la bawaba linaloingia melini. Bawaba ni lazima, maana ziwa halitulii. Mwaka 2020 maji yalipanda sana na kuingia nyumba na maduka ya ufukweni, na 2024 yakapanda tena.

Tulidhani yamekwisha. Lakini kijana wetu anayetembea kwa magongo akaitazama stesheni na ngazi zake, akasema taratibu, "Mimi nitabaki sokoni." Wengine walitaka lifti. Yeye akajibu kwamba umeme ukikatika lifti ni kabati. Basi ni njia ya mteremko: kwa kila sentimita 1 ya kupanda unahitaji sentimita 12 za kwenda, kwa hiyo sentimita 115, ikikunjwa mara nne iwe kama nyoka pembeni ya stesheni. Inakula nafasi na inakula matofali. Ilibidi kuchagua cha kupunguza. Walipiga kura, wakaondoa nusu ya kiwanda cha bia wala hawakugusa nyumba hata moja. (Gereza la Luzira, ambalo ni jirani na bandari, walikuwa wameshaliacha nje ya meza tangu siku ya kwanza. Hatukuwauliza.)

Nguzo zilikuwa 13, moja chini ya kila kiungo na kwenye miisho. Tukiweka vipande vya mbao nyembamba chini ya reli zitatosha 7, na tutaokoa matofali kama 60 kwa ajili ya mteremko. Ndiyo maana ya zile mbao.

Kwa hiyo tunaomba: mbao nyembamba, maboksi ya mafuta au biskuti, na vizibo vya chupa kwa taa. Na kama yupo mzee au mama aliyewahi kufanya kazi ya kuchukua mizigo Port Bell, aje Jumamosi saa nane mchana. Watoto wanabishana gati liko upande gani wa soko.