Mifumo Mikubwa Yataka Mafunzo

MWAKA 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Haikuwa chuki ya maendeleo. Wizara ya Fedha ilikuwa imepata hasara kubwa kwa mfumo wa hesabu uliotegemea wataalamu wa kigeni, huku wananchi wenye ujuzi wa kuunusuru wakiwa wachache mno.

Leo marufuku hayo hayapo, na ushuru, ada na malipo ya Serikali hupitia katika programu zinazotumiwa nchi nzima. Programu ikikwama, mvuvi wa Salale huweza kupoteza siku nzima, akavuka maji hadi Kibiti kutafuta stakabadhi.

Programu kubwa si kazi ya fundi mmoja. Kwanza watumiaji husikilizwa. Kisha kazi hugawanywa mafungu, kila fungu hupimwa, kila badiliko huwekewa kumbukumbu, na matunzo huendelea miaka mingi. Wajenzi wa majahazi wanaijua kanuni hiyo: kila kiungo hutiwa kalafati kabla chombo hakijashushwa majini.

Kwa hiyo tunaishauri Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoanzishwa kwa Sheria ya mwaka 2019, ishirikiane na vyuo kuwafundisha vijana wa Kibiti kazi hii kwa vitendo. Programu mpya zijaribiwe kwanza katika visiwa vya Delta, mahali ambapo mtandao ukikatika hakuna ofisi ya jirani ya kukimbilia. Wananchi nao waeleze kasoro bila woga, na maofisa wazipokee bila hasira. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.