Kilemba cha Ukoka



Wazee wetu wakimwona mtu amehadaika kwa sifa zisizo na ukweli, husema amevikwa kilemba cha ukoka. Asubuhi kilemba hicho ni kibichi, chapendeza. Jua la adhuhuri likikipiga, kimenyauka, na aliyekivaa amebaki na haya zake. Hivyo ndivyo nyasi hii ya pwani yetu ilivyoingia katika lugha kwa sifa mbaya. Wiki hii twataka kuisifu kwa haki, kwani ilitutoa katika kosa tulilomfanyia jirani.

Miaka miwili iliyopita tuliusakafu ua wetu wote kwa saruji. Tulichoka na mchanga kuingia ndani, na tukaona nyumba yenye sakafu hadi mlangoni ndiyo nyumba nadhifu. Masika yalipoingia, maji yaliyozoea kunywewa na ardhi yakakosa pa kwenda. Yakafuata mteremko hadi kwa jirani yetu, bibi mtu mzima aishiye na wajukuu zake. Tulipokwenda kumtazama tulimkuta akikamua mkeka. Hakutugombeza. Alisema tu, "Maji hayana makosa, wanangu. Hufuata njia yaliyopewa." Neno hilo lilituchoma kuliko tusi, nasi twajua jinsi dini yetu ilivyosisitiza haki ya jirani. Tukavunja nusu ya saruji, na mahali pake tukapanda ukoka.

Tuliuchagua kwa kuwa ni wa hapa hapa. Ukoka wavumilia mchanga wetu, wastahimili chumvi ya upepo wa bahari na maji ya visima vyetu, na hukanyagwa na watoto usife. Mashina yake hutambaa juu na chini ya ardhi, yakashika udongo usichukuliwe na mvua. Kaskazi ikikaza hugeuka rangi ya majani makavu, na wengi hudhani umekufa. Mvua ya kwanza ikinyesha huchipua upya.

Anayetaka kupanda hana haja ya kununua mbegu. Aombe mashina kwa mwenye nao, ayakate vipande vyenye pingili tatu au nne. Kwanza ang'oe magugu, hasa ndago, pamoja na viazi vyake vidogo vilivyo chini, kwani vikibaki vitachipua tena. Achanganye mchanga na samadi iliyooza vyema, asawazishe, na ahakikishe mteremko hauelekei kwa mtu. Kisha afukie vipande, shibiri moja baina ya kipande na kipande, ncha zikibaki nje. Wakati bora ni mwanzo wa masika, mvua imsaidie kumwagilia. Mvua isiponyesha, amwagilie asubuhi na jioni kwa majuma mawili au matatu ya mwanzo, kisha apunguze. Sisi tulichimba kijifereji kutoka tunapotilia udhu, na maji yaliyokuwa yakipotea sasa hunywewa na ukoka mara tano kwa siku.

Ukishatanda, ukatwe kila unapofika urefu wa kidole, lakini usinyolewe hadi chini. Tuondoe thuluthi ya urefu wake tu, la sivyo jua litaunguza mizizi. Majani yaliyokatwa hupewa mbuzi, nao hawahitaji kuitwa mara mbili.

Tusiuvike ukoka nao kilemba. Una aibu zake mbili. Ya kwanza, haupendi kivuli: chini ya mwembe wetu ulinyong'onyea, tukaishia kutandaza kokoto za matumbawe. Ya pili, haujui mpaka. Ukiachiwa utaingia katika mchicha na mawaridi, na mkulima aupataye shambani huuita adui. Tuliuzungushia mawe tuliyoyafukia shibiri nzima, na bado kila mwezi twapita kuyakata mashina yarukayo juu yake. Asiye na nafasi ya kazi hiyo ndogo na asiupande karibu na kitalu cha mboga.

Masika ya mwaka huu tuliketi barazani tukitazama. Maji yalituama kidogo juu ya majani, kisha yakazama yote pale pale. Mvua ilipokatika tulikwenda kwa jirani kumjulia hali. Sakafu yake ilikuwa kavu, na mkeka umetandikwa. Tulimwomba radhi kwa mara nyingine, naye akatwambia hayo yamepita. Ila, kama hatuoni uzito, tumpelekee mashina kidogo apande mbele ya mlango wake.

Tulimpelekea pakacha zima. Alipolipokea alicheka, akasema, "Ahsanteni. Lakini huu ni wa kupanda, msije mkanivika."

Wabillahi tawfiq.